Hivi wenzetu wanageuzaje projekti ya chuo kuwa kampuni? Nimekwama na mashine yangu ya dagaa

NgoshaMbunifu

Wakuu mhola, naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Nimemaliza chuo mwaka jana, uhandisi, chuo chenyewe sikitaji msije mkanitafutia kesi. Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa mashine ya kukaushia dagaa. Ni kama handaki hivi la nailoni nzito juu ya fremu ya chuma, ndani vichanja, feni mbili zinaendeshwa na sola, halafu kuna kidude nimekitengeneza mwenyewe kinapima unyevu wa hewa inayotoka na kuamua feni ziende kasi au polepole, na chini kuna mawe meusi yanakula joto mchana kutwa, jua likizama yanaendelea kutoa joto mpaka kama saa tatu usiku. Nilijaribu Kayenze mwezi wa nne, siku ya mawingu na manyunyu, dagaa wa mama mmoja walikuwa wamekauka kesho yake saa nne asubuhi, wa jirani yake waliokuwa mchangani wakaishia kuuzwa chakula cha kuku.

Sasa balaa lilipo. Supavaiza wangu anataka tuandike pepa, jina lake litangulie, na anasema mashine ni mali ya chuo nisiipeleke popote. Nikamuuliza chuo kitaifanyia nini, akanijibu "tutaona". Mpaka leo ipo stoo nyuma ya karakana, panya wameshaanza kutafuna nailoni.

Huku intaneti nasoma kwamba vyuo vya Marekani vina kitu wanakiita risechi faundesheni, eti unapeleka wazo unatoka na kampuni. Hiyo faundesheni ni nini hasa, ni benki, ni idara ya chuo, ni wafadhili? Wanafanyaje fanyaje mpaka wazo linakuwa kampuni? Na mimi wa hapa Igoma nisiye na mtu, naanzia wapi? Hela niliyonayo ni laki nne na nusu na pikipiki ya bro.

---

SangaraMkavu

Ngosha panya wakimaliza nailoni watahamia kwenye waya za hiyo sola, kesho kutwa utakuta panya ndio wamefungua kampuni wewe unaomba ajira hahaha. Ila pole, hiyo "tutaona" naijua, ndugu yangu alionwa hivyohivyo mpaka akaenda kuuza chipsi Nyegezi stendi, na chipsi zinamlipa kuliko alichosomea.

---

MbebaBoksi_Mstaafu

Kijana, nilisoma masta Madison, Wisconsin, miaka miwili, baridi ya kule sitaki hata kuikumbuka, ila hilo unalouliza nililiona kwa macho kwa sababu kule ndiko kwenye faundesheni kongwe yenye jina, wanaiita WARF (Wisconsin Alumni Research Foundation), imeanzishwa 1925. Ngoja nikupe stori yake maana ukiielewa hiyo mengine yote yanajipanga.

Kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Harry Steenbock, akagundua kwamba chakula ukikimulika kwa miale ya urujuanimno kinapata vitamini D, na enzi hizo watoto walikuwa wanaugua matege vibaya sana. Kampuni kubwa ya nafaka, Quaker Oats, ikamtaka awauzie haki zote, hela ndefu kweli. Jamaa akakataa. Akaomba hatimiliki (haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako) kwa hela ya mfukoni kwake, kama dola 300, akaenda chuoni akasema shikeni nyie, chuo kikasita, maana chuo cha serikali kufanya biashara ya leseni ni maneno, bodi, vikao, siasa. Ndipo wahitimu wa zamani, watu tisa, wakachanga dola mia mia, jumla 900, wakaunda chombo cha pembeni ambacho sio chuo lakini kinafanya kazi kwa ajili ya chuo. Hapo ndipo penye siri ya lile neno faundesheni. Sio benki na sio idara. Ni chombo kinachojitegemea kisheria, hakigawi faida kwa wenyewe, kinashika hatimiliki, kinajadiliana na wenye viwanda, kinaweza hata kushtaki na kushtakiwa, na kinachopatikana kinarudi kwenye utafiti. Mwaka 1927 haohao Quaker wakarudi wakachukua leseni, safari hii kwa masharti ya WARF.

Na kwa vile umetaja panya nicheke kidogo. Mwaka 1933 mkulima mmoja aliendesha gari kwenye theluji mpaka kwenye maabara ya profesa Karl Paul Link palepale Madison, kabeba mtamba aliyekufa na chombo cha maziwa kimejaa damu isiyoganda. Ng'ombe walikuwa wanakula majani yaliyooza wanavuja damu mpaka wanakufa. Watu wa Link wakachimba miaka, wakaipata kemikali yenyewe, wakaiboresha, 1948 ikaingia sokoni kama sumu ya panya. Jina lake warfarin, hizo herufi nne za mwanzo ni WARF yenyewe. Miaka ya 1950 ikawa dawa ya binadamu ya kuzuia damu kuganda, mpaka leo mwenye valvu ya bandia kwenye moyo anaweza akapewa hiyo. Kwa hiyo panya wa stoo ya chuo chako wana uhusiano na hii mada kuliko unavyodhani.

Sasa wanafanyaje. Mtafiti anajaza fomu ya kueleza uvumbuzi wake kabla hajauanika popote, wanakaa nao mtu wa sheria na mtu wa soko wanamuuliza nini kipya na nani atalipa. Wakiona kuna kitu wanaomba ulinzi wa muda, kule Marekani unakupa miezi 12 ya kujipanga, na katika hiyo miezi wanatafuta kampuni ya kuchukua leseni au wanamsaidia mtafiti afungue ya kwake. Akifungua ya kwake hana hela ya kulipia leseni, kwa hiyo faundesheni inachukua hisa chache badala ya hela taslimu. Stanford walifanya hivyo na Google, hatimiliki ya ile mbinu ya kupanga kurasa ilikuwa ya chuo, wakapewa hisa, 2005 wakaziuza wakavuna dola milioni 336. Halafu wanatoa hela ndogo za kutengeneza sampuli ya kwanza inayoeleweka, wanakutafutia mtu anayejua biashara kwa sababu profesa mara nyingi hajui, na wengine kama chuo cha Purdue, faundesheni yao ni ya 1930, wana mpaka maeneo yao ambapo kampuni changa zinapanga ofisi na maabara.

Ila usidanganyike na Google. Uvumbuzi mwingi unaoingia kwenye hizo ofisi hauleti kitu, na ofisi nyingi mapato yake hayafikii gharama zake. Mmoja anawabeba tisini.

---

MamaDagaa_Mwaloni

Nyie wasomi mnanichosha na Marekani yenu. Mwanangu Ngosha mimi nipo Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na sita, nimeuza dagaa mpaka za kwenda Kongo, nikuulize maswali ya kawaida tu.

Moja, kwa siku inakausha ndoo ngapi? Hujasema. Mama mmoja ukimletea mashine ya kukausha ndoo sita huku boti limeingia na ndoo arobaini hizo thelathini na nne tunampa nani? Unafikiri dagaa wanasubiri zamu?

Mbili, umefikiria mwezi? Dagaa wanavuliwa kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu wavuvi wanalala nyumbani, kwa hiyo hiyo mashine kila mwezi ina siku zaidi ya wiki inakaa bure na mkopo unadaiwa kila siku, benki haijui mbalamwezi. Na kiangazi jua likiwaka vizuri dagaa wanakauka siku hiyohiyo kwenye kichanja cha miti ambacho kinajengwa na fundi wa palepale. Mashine yako ina kazi msimu wa mvua basi, masika na vuli. Usiniambie ya mwaka mzima.

Tatu ni bei na uzito. Kambi za dagaa zinahama. Visiwani huko Ukerewe leo wapo hapa kesho wamefuata dagaa kisiwa kingine. Mawe yako meusi nani anabeba kwenye mtumbwi?

Sikukatishi tamaa mwanangu, hizo dagaa za kuku zinatuumiza, ndoo ya dagaa safi na ndoo ya dagaa zilizonyeshewa bei zake ni mbingu na ardhi, na dagaa yenye mchanga mteja wa mjini anakutolea macho. Ukija na kitu kinachookoa mzigo siku ya mvua nalipa. Lakini sinunui mashine. Nalipia ndoo, kama ninavyolipia kusaga mahindi mashineni, sijawahi kununua mashine ya kusaga mimi.

---

SangaraMkavu

Mama kamaliza. Mada ifungwe.

---

KaraniWaHati

Isifungwe kwanza. Mambo ya hati ndiyo yanayonilisha kwa hiyo nitagusa la supavaiza, hilo ndilo litakulaza macho.

Kwanza "mashine ni mali ya chuo" sio maneno ya kusema mdomoni. Kamuombe sera ya miliki bunifu ya chuo (kanuni za nani anamiliki kilichobuniwa), vyuo vingi sasa wanayo, usome kifungu cha mwanafunzi. Mara nyingi mwajiriwa wa chuo anachovumbua kazini ni cha chuo, hiyo nchi nyingi ndivyo, lakini mwanafunzi hajaajiriwa, yeye ndiye analipa ada, kwa hiyo inategemea: ulitumia hela za mradi wa utafiti wa supavaiza? Vifaa ghali vya maabara? Ulisaini karatasi yoyote? Kama feni na nailoni ulinunua kwa bumu lako una pa kusimamia. Kama chuma na sola vilitoka kwenye mradi wake basi mna mali ya pamoja na mkae chini mgawane asilimia kwenye karatasi, kabla haijaingiza hata mia. Stanford niliyoona kanuni yake ofisi inakata asilimia 15 kwanza, baada ya gharama kinachobaki wanagawa mafungu matatu sawa, mvumbuzi, idara yake na kitivo chake. Chuo kinaweza kuwa na hesabu nyingine, cha muhimu hesabu iwepo.

Pili, na hapa sikiliza vizuri, HIYO PEPA ISITOKE KWANZA. Hataza, yaani hiyohiyo hatimiliki ya uvumbuzi (hilo ndilo jina BRELA, wakala wa serikali wa usajili, wanatumia) inadai kitu kiwe kipya, na kipya maana yake hakijaanikwa. Ukishachapisha, au ukasimama kwenye kongamano ukaonyesha slaidi mpaka namna kidude kinavyofanya kazi, umejimaliza mwenyewe. Omba kwanza, chapisha baadaye, supavaiza wako atapata pepa yake na wewe utapata tarehe yako. Mwambie hivyo kwa adabu, anaweza akawa halijui, walimu wengi wanapandishwa cheo kwa mapepa ndio maana akili yote ipo huko, sio roho mbaya kila mara.

Tatu usije ukaomba hataza ya "mashine ya kukaushia samaki kwa jua". Handaki la nailoni lenye feni ya sola lipo miaka mingi, Wajerumani wa chuo cha Hohenheim walikuwa nalo tangu miaka ya 1980. Mawe ya kutunza joto nayo yapo. Kama una kipya ni kile kidude cha unyevu na namna kinavyozungumza na feni na mawe. Ingia Google Patents ni bure, kaa nayo wiki nzima usome. Ukikuta kipo usilie, maana yake unaweza kukitumia kama hakijalindwa hapa kwetu, hatimiliki ina mipaka ya nchi. Na hilohilo ligeuze upande wa pili: ukiomba BRELA peke yake Kisumu wakaiga kukaushia omena yao, au Jinja kukaushia mukene, huna la kuwafanya. Kuna ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu, pale Harare, ombi moja unataja nchi wanachama unazotaka, Kenya na Uganda wamo. Ada zake sio za laki nne na nusu lakini.

Na kuhusu wa kwetu waliofanikiwa, mbona yupo Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, chujio la maji la nano (chembe ndogo mno). Akashinda ile tuzo ya Afrika ya wahandisi ya Royal Academy ya Uingereza 2015, ya kwanza kabisa kutolewa, pauni 25,000, na ana kampuni. Angalia alichofanya: mchanga wa kuchuja maji upo tangu zamani, yeye akaongeza vile vitu vya nano vinavyorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, kule kwao floraidi ndio shida. Kipya chake ni kidogo na kinaeleweka.

---

MbebaBoksi_Mstaafu

Karani nakubaliana na wewe karibu yote ila hapo kwenye hataza usimtie kijana homa. Laki nne na nusu zote zikienda kwenye hati atabaki na hati ukutani. Mimi ningemwambia kidude akitie kwenye boksi lililozibwa, akifanye siri, aanze kukausha dagaa za watu.

---

KaraniWaHati

Siri kwenye mwalo? Mkuu fundi wa redio wa Igogo analifungua hilo boksi saa moja tu. Siri inafaa kwa kitu ambacho mtu akikishika hawezi kujua kimetengenezwaje, mfano sosi. Hiki ni saketi na sensa.

Na ulivyoisifia WARF umeruka kipande. Haohao walikataa kuwapa leseni watengeneza majarini wasije wakaharibia soko la siagi, maana Wisconsin ni jimbo la maziwa, na maskini ndio walikuwa wanakula majarini na watoto wao ndio wenye matege. Miaka ya 1940 mahakama ikazitupa zile hatimiliki. Faundesheni sio malaika, inalinda wenye nayo.

---

MbebaBoksi_Mstaafu

Hilo la majarini kweli, nimelikubali. Ila bado nasema chombo cha pembeni ndicho tunachokosa. Huku kwetu mvumbuzi akipeleka wazo linaingia kwenye faili la chuo, faili lina meza saba, na hakuna hata meza moja ambayo kazi yake pekee ni kuuliza nani atanunua. Wamarekani wenyewe mpaka 1980 walipopitisha sheria ya Bayh-Dole uvumbuzi uliofanywa kwa hela ya serikali kuu mara nyingi ulikuwa unabaki serikalini unaota kutu, sheria ndiyo ikawaachia vyuo wamiliki wenyewe na ofisi za leseni zikazaana kila chuo. Sisi tuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, toka sheria ya 1986, wana ule mfuko wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi na teknolojia, kuna mashindano ya ubunifu ya MAKISATU toka 2019, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo kila mkoa, sio kwamba hamna kitu. Ila vipo vipande vipande, kijana ndiye anakuwa faundesheni ya kujivuta mwenyewe kutoka ofisi moja kwenda nyingine.

---

NgoshaMbunifu

Wakuu asanteni sana, sikutegemea. Nilikaa kimya siku tisa nilikuwa nazunguka.

Mama Dagaa, kwa siku inakausha ndoo tano tu, nimeona aibu kuandika siku ile. Jumamosi nilirudi Kayenze nikakaa na kina mama wanne, nikawauliza kama ulivyosema wewe, bei ya ndoo moja siku ya mvua. Wawili walinitajia bei wenyewe bila kuambiana na zikakaribiana, mmoja akasema atalipa dagaa zikishauzwa, wa nne akanifukuza akidhani mimi ni mtu wa ushuru. Kwa zile bei mbili, nikiwa na handaki la ndoo ishirini, msimu mmoja wa mvua unarudisha hela ya nailoni na sola, fremu inabaki deni. Mawe nimeyatoa, nimejaribu madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, unayamwaga ukihama unajaza ziwani ukifika, na yanashika joto vizuri tu.

Sera ya miliki bunifu nimeipata, kurasa 23, ofisi niliyoelekezwa ilikuwa haijui kama ipo, nikaikuta kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Mwanafunzi anamiliki chake isipokuwa ametumia "rasilimali mahususi" za chuo. Chuma kilitoka karakana ya chuo. Hapo ndio sijui kama chuma chakavu ni rasilimali mahususi, Karani unasemaje?

Supavaiza nimemwandikia meseji ndefu ya heshima, nimemwambia tuombe hataza ya kidude tu kwa majina mawili, pepa ifuate, jina lake litangulie huko kwenye pepa sina neno, na nimemuomba funguo ya stoo. Kasoma toka jana. Tiki mbili za bluu.

---

KaraniWaHati

Kama kilikuwa chakavu cha kutupwa una hoja nzuri. Tafuta ushahidi, hata picha ya lile rundo. Na ile meseji usiifute.

---

MamaDagaa_Mwaloni

Ndoo ishirini sawa, hapo tunazungumza. Giza la mwezi ujao lete hilo handaki Kirumba ulifunge upande wa kule kwenye mawe, kwangu kuna ndoo nane za kujaribia, zikiharibika unanilipa. Na usije na huyo Sangara Mkavu, ana mdomo.

---

NgoshaMbunifu

Sawa mama. Funguo ya stoo bado sijapewa.